Kazi ya kikundi kwa wanafunzi wa mtandaoni: kamba na wavutaji wake

Miongoni mwa malalamiko ya wanafunzi wanaosoma kwa njia ya mtandao wa intaneti, lile la kazi ya kikundi halikosekani. Watu 6 huwekwa pamoja, huagizwa waandike ripoti moja, na hupewa alama moja. Siku ya kuwasilisha ikifika, mmoja huwa ameandika karibu kila kitu, wawili wamesahihisha nukta na mikato, na waliosalia wameandikwa majina tu. Aliyeandika hukasirika, na ana haki. Lakini katika hao waliosalia huenda yumo mama anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee huko Uingereza. Yeye hakukataa kazi. Kila alipofungua kompyuta alikuta wenzake wamekwisha kuamua. Naye pia huitwa mtegeaji.

Suala la kutegea lilichunguzwa kabla ya zama za kompyuta. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba, mmoja mmoja na kwa vikundi, akapima nguvu zao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba watu 8 wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo hutokana na kutovuta kwa mpigo mmoja. Sehemu nyingine ilielezwa mwaka 1979 na wanasaikolojia wa Marekani Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliotumia makofi na kelele badala ya kamba: watu hulegeza juhudi mchango wao unapomezwa na wa wengine. Mwaka 1981 wataalamu hao hao walionyesha kwamba washiriki wakiamini sauti ya kila mmoja inapimwa, ulegevu huo hutoweka.

Kwa hiyo mhadhiri anayelaumu tabia za wanafunzi wake anatazama pasipo. Insha moja haina kazi ya kuwatosha watu 6. Kinachohitaji kutengenezwa upya ni kazi yenyewe.

Mfano mzuri ulitokea Austin, jimboni Texas, mwaka 1971, shule za huko zilipoanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na madarasa yakajaa uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliligawa somo vipande vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake kikundini hawakuwa nacho. Mtoto aliyedharauliwa ghafla akawa anahitajika. Kabla ya kurudi kwa wenzake, kila mmoja alikutana kwanza na watoto wa vikundi vingine waliopewa kipande kama chake, wakakisoma pamoja.

Mpango huo huweza kuhamishiwa mtandaoni bila taabu. Tuseme somo ni afya ya jamii, na swali ni namna ya kupunguza malaria katika wilaya moja. Wanafunzi ni 4, si 6. Mmoja apewe takwimu za mvua, wa pili za vyandarua, wa tatu za wagonjwa zahanati, wa nne bajeti ya wilaya. Pendekezo haliandikiki mpaka wote 4 waseme. Anayenyamaza hutafutwa na wenzake badala ya kusengenywa. Na kwa kuwa wanafunzi wa mtandaoni huacha masomo katikati mara nyingi, ule mkutano wa wenye kipande kimoja una faida ya ziada: mmoja akitoweka, yupo wa kikundi kingine anayeweza kuwaeleza waliobaki.

Lipo pia tatizo la saa. Saa mbili usiku mjini Muscat ni saa moja jioni Dar es Salaam; wakati wa majira ya baridi ni saa kumi alasiri London na saa nne asubuhi Minneapolis. Tena Waswahili wana shida yao wenyewe, kwani anayeandika "tukutane saa mbili" huenda anahesabu tangu jua kuchwa, na mwenzake aliyekulia Marekani akafahamu saa nane mchana. Ni afadhali majadiliano yafanyike kwa maandishi, na itangulie kanuni kwamba hakuna uamuzi unaopitishwa kabla ya saa 48 kupita tangu ulipopendekezwa. Kanuni hiyo ndogo humrudisha kikundini mfanyakazi wa zamu, na pia yule ambaye kifurushi chake cha intaneti kimekwisha.

Juu ya alama, wako wanaowaachia wanafunzi wapimane wenyewe kwa siri. Njia hiyo huwapendelea wasemaji. Lililo la haki zaidi ni kugawa alama: sehemu kwa pendekezo la pamoja, na sehemu kwa jibu fupi ambalo kila mwanafunzi huliandika peke yake kuhusu kipande cha mwenzake. Asiyewasikiliza wenzake hatalijua.

Mhadhiri naye asisubiri siku ya mwisho. Katika wiki ya pili afungue ukurasa wa kila kikundi, atazame ni jina gani halijaonekana, kisha amwandikie mwenye jina hilo barua pepe ya faragha kumwuliza ana zamu saa ngapi.