Mwendo wa Mawimbi

Leo nataka kuwaeleza jinsi mwendo wa mawimbi unavyohesabiwa, kwa maana hesabu hiyo yaweza kuokoa roho ya mtu.

Simama gatini uhesabu mawimbi yapitayo penye nguzo moja. Tuseme ni 10 kwa dakika, na kutoka kilele cha wimbi hata kilele cha lifuatalo ni meta 40. Zidisha 10 kwa 40, utapata meta 400 kwa dakika. Huo ndio mwendo wake.

Tarehe 26 Desemba, 2004, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Maji yakatikisika, yakazaa mawimbi yaitwayo tsunami. Baada ya saa saba hivi yalifika Somalia, kisha Kenya na Tanzania. Katika nchi zote za Bahari ya Hindi walikufa watu zaidi ya 220,000.

Hesabu ya mawimbi hayo ni ile ile. Tuseme yapita 3 kwa saa. Penye kina cha meta 4,000, kutoka kilele hata kilele ni kilometa 240 hivi. Basi mwendo ni kilometa 720 kwa saa. Lakini huko kimo chake ni kidogo, hata mabaharia hawayatambui. Yakifika penye kina cha meta 10, mwendo hupungua ukawa kilometa 36 kwa saa. Idadi yake haibadiliki. Nafasi baina yake ndiyo ipunguayo, ikawa kilometa 12. Ndipo maji yasongamanapo na kupanda juu.

Tena mawimbi hukutana. Kilele kikikutana na kilele, maji huzidi kupanda. Kilele kikikutana na bonde, hupunguzana. Kisha kila wimbi hushika njia yake. Mawimbi yaliyorudishwa na visiwa hukutana hivyo na yale yajayo. Kwa hiyo wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa kupita yote.

Basi, bonde la wimbi likitangulia, bahari hukupwa ghafula, wala si wakati wake. Mkiona hivyo, msishuke kuokota samaki. Kimbilieni mahali pa juu, wala msirudi wimbi la kwanza likiisha kupita. Kwa hesabu yetu, la pili li nyuma yake kwa dakika 20 tu.