Habari ya Kununua Motokaa Ndogo Iliyokwisha Kutumika

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama mjini Lushoto)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalozungumzwa sana katika ofisi zetu, yaani kununua motokaa ndogo iliyokwisha kutumika, na kuiendesha kwa kazi za kila siku katika milima hii ya Usambara. Twajua ya kuwa wengi wenu mmekwisha kukata shauri mioyoni, na wengine mmetazama picha katika simu hata rangi mmeichagua. Hatukuja kuwazuia. Twataka kueleza tu ya kuwa gari lifaalo Dar es Salaam si lazima lifae hapa, na ya kuwa bei aitajayo dalali ni mwanzo wa gharama, wala si mwisho wake.

Magari tunayoyanena ni yale mafupi, yasiyo na buti la kutokeza, ambayo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu: Toyota Vitz, Toyota IST, Toyota Passo, Honda Fit, Mazda Demio, na jamaa zao. Vitz ilianza kuuzwa Japan mwaka 1999, na jina hilo lilidumu huko mpaka mwaka 2020 ilipoitwa Yaris. IST ilitoka mwaka 2002, nayo iliundwa juu ya msingi ule ule wa Vitz, ila imeinuka kidogo kutoka chini, jambo ambalo mtu wa Lukozi au Mtae hulithamini kupita rangi. Sababu ya kupatikana kwa wingi si siri. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi. Tena sheria yao hutaka gari jipya likaguliwe likitimiza miaka 3, na baadaye kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Basi wengi huona heri kuuza. Gari lililochosha huko huitwa jipya likifika kwetu.

Sasa tuitazame njia yetu. Kutoka Mombo hata Lushoto ni yapata kilomita 33, na katika mwendo huo gari hupanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Vitz ya kwanza yenye cc 997 ikiwa na dereva peke yake hupanda bila kunung'unika. Itieni watu watano na gunia la viazi, ndipo mtakapoona lori la kabichi likiwapita. Kwa hiyo, kwa mwenye jamaa, twashauri injini ya cc 1,300 hivi, kama ile IST yenye cc 1,298. Aishiye mjini hapa peke yake, ambaye safari yake ni ofisini na sokoni, cc 1,000 yamtosha, na petroli ataokoa.

Juu ya kodi watu hubishana sana, nasi twaona hesabu ikifanywa ubishi hupungua. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari liingialo nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Ushuru wa bidhaa huenda kwa ukubwa wa injini: hata cc 1,000 hakuna, kutoka hapo hata cc 2,000 ni asilimia 5, kupita hapo ni asilimia 10. Mtaona ya kuwa kati ya injini ndogo na ile ya cc 1,300 tofauti si kubwa ya kumfanya mtu achague vibaya. Kinachouma ni umri. Gari la miaka 8 hata 10 huongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30. (Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kabisa gari lililopita miaka 8, na Uganda wamefunga mlango kwa lililopita miaka 15.) Tena thamani inayotozwa kodi si lazima iwe fedha mliyolipa, Mamlaka ya Mapato wana makadirio yao, nayo yapo katika kikokotoo cha tovuti yao, ambacho mtu aweza kukitazama kabla hajatuma hata senti moja ng'ambo.

Ndiyo maana, kwa mishahara yetu, twaona ni busara zaidi kununua gari lililokwisha kulipiwa kodi hapa nchini, kwa mtu ajulikanaye, kuliko kuagiza la zamani na kulipia uzee wake bandarini. Ila la hapa nalo limekwisha kupigwa na njia zetu. Basi hapo pana kazi ya kutazama.

Kwanza, msidanganywe na namba. Watu husema kwa majivuno, "Hili ni namba D," au "Hili ni namba E," wakimaanisha ile herufi ya kwanza katika herufi tatu za mwisho. Herufi hiyo huonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania, wala haisemi liliundwa lini. Gari la mwaka 2003 laweza kuvaa namba ya juzi. Vivyo hivyo hesabu ya kilomita katika dashibodi: fundi mwenye kompyuta aweza kuirudisha nyuma kwa muda mfupi. Tazameni pedali ya breki kama imelika, usukani kama umelainika, kiti cha dereva kama kimebonyea. Vitu hivi havijui kusema uongo.

Pili, mtake gari liwashwe asubuhi likiwa baridi, na msikubali kulikuta limekwisha kuchemka. Fungueni kifuniko cha oili. Mkiona utando mweupe kama maziwa, yafaa kushuku ya kuwa maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Ulizeni kama thamostati ipo. Mafundi wengine, gari likichemsha, hukitoa kifaa hicho badala ya kutafuta ugonjwa. Kisha katika baridi yetu ya Juni na Julai injini haifiki joto lake, na petroli huliwa bure. Tena mengi ya magari haya hayana mshale wa joto, yana taa tu, na taa nyekundu ikiwaka katikati ya mlima, shauri jema ni kusimama hapo hapo.

Tatu, jaribuni gari mlimani, si katika uwanja wa mpira. Lipandisheni kutoka Mombo hata Soni, na mlishushe tena. Kupanda huonyesha injini na gia. Kushuka huonyesha kama mtafika nyumbani. Twaomba mtuvumilie hapa, maana jambo hili ni la uhai. Dereva anayeshuka akikanyaga breki mfululizo hutia pedi joto kali. Joto hilo huingia katika mafuta ya breki, na mafuta yaliyokaa miaka bila kubadilishwa huwa yamenyonya maji, nayo huchemka mapema. Hapo pedali huzama, na mguu hukuta utupu. Dawa yake ni gia. Katika magari mengi ya otomatiki, chini ya herufi D pana 2 na L, na katika mengine S au B, si mapambo. Tieni gia ndogo kabla ya mteremko, wala msingoje katikati yake, injini izuie gari, na breki muikanyage kwa vipindi. Wako watiao nyutro ili kuokoa petroli. Hawaokoi kitu: injini za siku hizi hukata petroli zenyewe dereva aachapo kukanyaga huku gari likiwa katika gia, lakini katika nyutro huendelea kunywa ili zisizime. Huyo apata hasara ya petroli na ya breki pamoja.

Kuhusu fedha, mnajua ya kuwa makato yote yakiisha, theluthi moja ya mshahara lazima ibaki. Kanuni hiyo yaonyesha mwisho wa kukopa, haikusema ya kuwa mtu akope hata afike hapo. Theluthi hiyo ndiyo itakayonunua unga, na ada, na sasa petroli, oili, tairi na bima. Mwenye kukopa bei yote ya gari hubaki na gari lisilo na tairi njema, na katika masika, vipande vya udongo vinapoteleza kama sabuni, tairi zilizokwisha ni hatari kupita kutembea kwa miguu. Twaona heri gari la bei ya chini kidogo, na fedha ya breki, tairi na shokapu iwekwe kando siku ile ile ya kununua. Na mtu ashukaye Mombo mara moja kwa mwezi, basi lamfaa, asione haya. Lakini aliye na mgonjwa nyumbani, mbali na hospitali ya Lushoto au ya Bumbuli, akiwaza saa nane ya usiku na mvua inanyesha, hatumwiti mpenda anasa.

Kabla ya kukabidhi fedha, tazameni kadi ya gari: namba ya chasisi iwe ile iliyochongwa katika bodi, na jina liwe la huyo auzaye. Angalieni kwa namba ya gari kama lina faini za polisi zisizolipwa, na kama bima yake ni ya kweli. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha mhamishe umiliki kwa Mamlaka ya Mapato bila kukawia, maana gari likiwa bado katika jina la mwingine, kila kosa mtakalofanya litamfuata yeye, na kila deni lake laweza kulifuata gari uani kwenu.

Muuzaji akikataa gari lisipandishwe Soni, mwacheni nalo.