Cheti cha Babu na Jezi ya Taifa



Huenda baadhi yenu mnajiuliza polisi wana shughuli gani na raga. Tumekuja kwa sababu mchezo huu umeanza kutuletea maswali ambayo zamani hatukuyasikia. Mzazi mmoja anauliza kama mwanawe asomaye Nairobi aweza kuichezea Uganda. Wa pili anauliza atoe karatasi gani. Wa tatu, ambaye ndiye anayetunyima usingizi, anasema amekwisha kumpata mtu wa kumtengenezea karatasi hiyo. Leo tungependa kuwajibu wote watatu.

Tuanze na kanuni za mchezo wenyewe. World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, hakiitazami pasipoti peke yake. Huuliza mchezaji alizaliwa wapi, na wazazi wake, babu zake au nyanya zake walizaliwa wapi. Mmoja tu kati yao akiwa amezaliwa katika nchi fulani, mlango wa timu ya nchi hiyo u wazi. Asiye na uzawa huo hutakiwa awe amesajiliwa na chama cha raga cha nchi hiyo peke yake kwa miezi 60 mfululizo, ambapo zamani sharti lilikuwa kuishi humo miezi 36, au awe ameishi katika nchi hiyo miaka 10 kwa jumla. Kwa hiyo, kijana aliyezaliwa London, ambaye nyanya yake alizaliwa Tororo, aweza kuteuliwa na Uganda hata kama hajawahi kuuona Mlima Elgon kwa macho yake. Ila katika Michezo ya Olimpiki, ambako raga ya wachezaji saba ilianza kuchezwa mwaka 2016, lazima mchezaji awe pia raia wa nchi anayoiwakilisha.

Wapo walioitumia nafasi hii kwa bidii kubwa. Uskoti, Wales na Ireland zina mipango ya kuwatafuta vijana wakaao England ambao wazazi au babu zao walitoka kwao. Huwatambua wangali shuleni, huwakusanya kwa mazoezi huko huko waliko, na kuwafuatilia kadiri wanavyokua. Hawangoji kijana awe maarufu ndipo wamkumbuke. Sisi nasi tuna wana na wajukuu Nairobi, Uingereza, Marekani na kwingineko. Tuna pia historia ya kuwavutia: Uganda ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 2007, na timu yake ya wachezaji saba ilicheza Kombe la Dunia huko San Francisco mwaka 2018. Basi mzazi aliye na kijana ng'ambo asingoje kuitwa. Na awaarifu wasimamizi wa raga nchini mapema, kupitia klabu au shule, ili wajue kwamba kijana huyo yupo.

Hapa mpakani jambo hili lina uzito wake wa pekee. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vivyo hivyo, na Wamasaba na Wabukusu ni watu wa mlima mmoja. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa bado ikihesabiwa kuwa Uganda. Hata sasa mama aweza kulala upande huu na kujifungua upande wa pili, kwa kuwa hospitali ya huko ndiyo iliyokuwa karibu usiku ule. Mtoto wa namna hiyo, akijaliwa kipaji, aweza kuwa na haki ya kuteuliwa na nchi zote mbili.

Lakini haki ya kuteuliwa na nchi mbili si ruhusa ya kuzichezea zote mbili apendavyo. Kijana akishaichezea timu ya taifa ya wakubwa, amefungwa na nchi hiyo. Timu ya vijana wa chini ya miaka 20 haimfungi. Tangu mwaka 2022 mchezaji aliyefungwa anaruhusiwa kuhama mara moja tu maishani mwake, baada ya miaka mitatu bila kucheza mechi ya kimataifa, tena aende katika nchi alikozaliwa yeye, mzazi wake, babu au nyanya yake. Ndivyo Charles Piutau na Malakai Fekitoa, waliokuwa wameichezea New Zealand, walivyoweza kuivaa jezi ya Tonga mwaka huo huo. Miaka mitatu ni sehemu kubwa ya umri wa mchezaji. Kwa hiyo tunawaomba wazee: msimsukume kijana akubali mwito wa kwanza kwa kuwa tu umetangulia. Naye akichagua ng'ambo ya pili ya mpaka, asiitwe msaliti. Amekwenda kwa nyanya yake.

Sasa tufike kwenye karatasi. Hispania ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kucheza Kombe la Dunia la mwaka 2023, nafasi iliyoingoja tangu mwaka 1999. Mwaka 2022 ikabainika kwamba mchezaji mmoja hakuwa ametimiza masharti ya ukaazi, na kwamba nakala ya pasipoti yake ilikuwa imechezewa ili aonekane ameyatimiza. Hispania ilinyang'anywa pointi 10, na nafasi yake ikachukuliwa na Romania. Wachezaji ambao hawakughushi chochote walibaki nyumbani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mkasa huu unatuonyesha kwamba mwongo haanguki peke yake.

Kwa hiyo tunawasihi mambo matatu.

La kwanza, mtoto aandikishwe mahali alipozaliwa kweli. Akizaliwa upande wa pili, na iandikwe hivyo. Kumwandikisha mara mbili ili awe na vyeti viwili vya mahali tofauti, au kumpunguzia miaka ili achezee timu ya vijana, ni kumwekea mtego utakaomnasa akiwa amefika kileleni.

La pili, tunzeni kumbukumbu za wazee. Babu wengi hawakupata cheti cha kuzaliwa, lakini huenda kadi ya ubatizo au karatasi ya shule imo katika sanduku chini ya kitanda. Itoeni leo, mkaulize katika ofisi ya uandikishaji jinsi iwezavyo kusaidia, mzee angali hai wa kusimulia. Mjukuu aliye ng'ambo hawezi kuitafuta akiwa huko.

La tatu, mtoto wa chini ya miaka 18 asivuke mpaka na mtu msiyemjua kwa ahadi ya majaribio ya raga. Mwulizeni mtu huyo ametumwa na klabu au shule gani, mtoto atalala wapi, nani atashika hati zake, na atarudi lini. Kisha ipigieni klabu hiyo wenyewe, kwa namba mliyoitafuta wenyewe, wala si ile aliyowapa yeye. Akidai fedha ili mtoto ateuliwe, jueni kwamba nafasi katika timu ya taifa haiuzwi. Uganda ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2009, na Kenya tangu mwaka 2010. Mkiwa na shaka, njooni kituoni kabla ya safari. Baada ya safari kazi yetu huwa ngumu zaidi, na machozi yenu huwa mengi zaidi.

Ndugu zetu, Kenya na Uganda zinapokutana kugombea Kombe la Elgon, huenda tukamwona mwana wa Busia katika timu hii au ile. Tutamshangilia kwa furaha tukijua kwamba jina lake, umri wake na mahali alipozaliwa ni vile vile vilivyoandikwa katika hati zake.

 Mwenye swali asiondoke nalo.