Kodak, Kitenzi na Kipimo: Lugha katika Nyaraka za Kampuni ya Picha

Hoja inayojengwa katika mhadhara huu ni kwamba nyaraka za kampuni ya biashara, hususan matangazo yake, ni data ya isimu isiyopaswa kuachiwa wanahistoria wa biashara peke yao. Mfano unaotumika ni kampuni ya Kodak, iliyoasisiwa na George Eastman mjini Rochester, New York. Sehemu kubwa ya kumbukumbu zake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rochester. Za tawi la Uingereza zimo katika Maktaba ya Uingereza, London.

Jina lenyewe halikutokana na neno lolote. Eastman alilisajili mwaka 1888, akitaka neno fupi lisilokosewa kutamkwa, lenye herufi K aliyoipenda. (Aliyebuni jina la kutamkika popote alisahau kwamba si kila lugha hufunga silabi, Kiswahili kingelidai irabu mwishoni.)

Kamera ya kwanza iliuzwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Mteja alipomaliza, aliirudisha kamera nzima Rochester, na kwa dola 10 picha zilisafishwa na filamu mpya ikatiwa. Tangazo mashuhuri lilimwahidi kwamba kazi yake ni kubonyeza kitufe tu. Mengine yangefanywa na kampuni. Kiisimu, uzito umo katika hayo "mengine". Neno hilo moja linaficha dawa, maji, chumba cha giza na mikono ya wafanyakazi.

Kiswahili kilichukua njia tofauti. Picha, kamera na filamu ni maneno ya mkopo, lakini vitenzi ni vya kawaida katika lugha: picha hupigwa, kama zipigwavyo pasi, chapa na simu, kisha husafishwa. Kile kilichofichwa na tangazo hapa kimewekwa peupe: yupo mtu aliyeichovya karatasi katika dawa na kuisuuza. Tena kitenzi hicho kimeishi kuliko kazi yenyewe. Hata picha iliyopigwa kwa simu ya mkononi hupelekwa studio "kusafishwa", ingawa hakuna kinachooshwa.

Katika michoro ya matangazo, mwanamke ana nafasi ya pekee. Msichana wa Kodak aliyechorwa na John Hassall mwaka 1910, mwenye gauni la mistari ya buluu na nyeupe, si pambo. Kamera i mkononi mwake, naye ndiye mtenda. Mwanamke wa pili hakuwa kwenye mabango bali maabara, katika kadi za kupimia rangi zilizoitwa Shirley. Huyu alikuwa mtendwa, na ngozi yake nyeupe ndiyo iliyokuwa kipimo. Kwa miongo kadhaa uso mweusi ulipoteza sura katika filamu za rangi. Kwa mujibu wa utafiti wa Lorna Roth uliochapishwa mwaka 2009, msukumo wa kurekebisha ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishwa vizuri pichani.

Mswahili alipoletewa picha iliyoharibika aliambiwa "imeungua". Kitenzi hicho hakitaji mtenda. Aliyesimama mbele ya mteja ni msafishaji wa mtaani, naye hakuwa na sauti yoyote katika uchaguzi wa kadi ile.