Waya wa Muanda ni wetu pia



Kila mara rezo inapotea tunaangalia mnara na kusema: mazutu imeisha. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaoanzia mbali, chini ya bahari.

Unatuma ujumbe wa WhatsApp kutoka Kasongo kwa mama yako Kabambare. Unafikiri umefuata barabara ya Kabambare? Hapana. Kompyuta zenye kubeba ujumbe ule ziko nchi za mbali. Na intaneti yenye kuvuka bahari, sehemu kubwa inapita ku waya: nyuzi za kioo nyembamba sawa unywele, ndani ya kamba ambayo kule kwenye kina haipiti sana unene wa kidole gumba.

Pwani yetu Kongo haifiki hata kilomita 50. Pale Muanda njo waya wa WACS unatoka majini, na nchi yetu ilianza kuutumia mwaka 2013.

Sasa sikieni. Lualaba yetu njo Mto Kongo. Maji na mchanga wake vinaishia kule kule, mahali chini ya bahari kuna bonde refu sana. Januari 2020, kiisha mafuriko makubwa, tope lilishuka mu bonde lile, likakimbia zaidi ya kilomita 1,100 na kukata WACS pamoja na waya mwingine, SAT-3. Agosti 2023 zote mbili zilikatika tena pale pale, na matengenezo yalingoja meli mpaka Septemba.

Tope halisikii sheria, lakini watu wanasikia. Duniani waya hizi zinaharibika mara 150 mpaka 200 kila mwaka, na mara nyingi ni nanga za meli na nyavu za wavuvi. Na tusisahau: tangu 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, tulikaa karibu siku 20 bila intaneti. Ile haikuwa tope wala nanga. Ilikuwa amri ya serikali.

Kwetu haya si mambo ya kuangalia video tu. Watu wenye silaha wakikaribia kijiji, ujumbe unapaswa kufika mbele yao. Rezo ikinyamaza, watu wanakimbia wamechelewa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Waya ukikatika, serikali na ARPTC watuambie siku ile ile: wapi, juu ya nini, na kazi itachukua muda gani.

2. Meli zikatazwe kutia nanga na kuvuta nyavu juu ya waya wa Muanda, na mwenye kuuharibu alipe.

3. Kongo isitegemee mlango mmoja. Zamani habari za Kasongo zilipita Ujiji na Tabora mpaka Zanzibar. Ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, hatuitamani. Lakini upande ule wa mashariki uko wazi: tujengewe waya wa nchi kavu kupitia Tanganyika mpaka bahari ya Hindi. Nao si dawa ya yote. Mei 2024 waya za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania, Kenya na Uganda ziliumia. Njo maana tunataka njia mbili, moja ikifa nyingine itubebe.

4. Serikali isikate tena intaneti kwa amri.

Na sisi wenyewe? Kila mtaa uandike namba za simu za watu wa lazima ku karatasi. Intaneti ikikufa, simu ya kawaida na SMS vinaweza bado kupita. Tusiweke uhai wetu mu kundi la WhatsApp peke yake.

Muanda ni mbali, lakini maji yetu yanafika kule kila siku. Sauti yetu nayo ifike.