Nyumba Nayo Ni Mwia

Mada iliyosomwa mbele ya wanachama wa Sacco katika semina ya masurufu ya nyumbani, Mombasa, mwezi wa Februari



Nilipotakwa nizungumze juu ya kulipa madeni nilidhani taklifu hii ni nyepesi, kwa kuwa kila mmoja wetu amelelewa akiambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Lakini nilipokaa na daftari langu na kurejea hesabu za miaka michache iliyopita, niliona kwamba wengi waliozama katika deni mtaani petu, nami nikiwa mmoja wao, si watu waliokataa kulipa, bali walilipa kwa bidii hata wakabaki mikono mitupu, na mikono ilipokuwa mitupu ndipo paa likavuja. Madhumuni ya mada hii, basi, ni kuonyesha kwamba nyumba nayo ni mwia, na kwamba anayewalipa wadai wengine wote akaisahau hiyo, aghalabu hurudi kukopa pale pale alipotoka.

1. Bati moja

Niruhusuni nianze na paa langu. Nyumba yangu imeezekwa mabati, na hewa yetu ya pwani, kwa chumvi yake, hula bati kuanzia kwenye msumari. Januari ya mwaka mmoja, kaskazi ikivuma na mbingu haina wingu, fundi aliyepanda juu kwa shughuli ya tangi la maji alinionyesha doa la kutu lenye upana wa kiganja, akasema, “Maalim, hili ukiliacha litakula na mbao.” Bati, misumari na ujira wake vilikuwa shilingi 2,600. Fedha hizo nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimeazimia kumaliza deni la dukani mwezi ule ule, na niliona fahari kusimama mbele ya mwenye duka nikimtazama akilipiga mstari jina langu kwa wino mwekundu.

Masika yalipofika, na Mei kwetu ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, doa lilikuwa tundu. Maji yalishuka taratibu juu ya dari, dari ikatota, na usiku wa tatu kipande chake kikaangukia gunia la mchele wa mwezi mzima. Fundi yule yule alipofungua alikuta mbao mbili za kenchi zimeoza, na hesabu ikawa shilingi 21,400. Nami, kwa kuwa sikuwa na akiba hata ya ndoo ya pili ya kukingia maji, nikakopa kwenye simu, na juma lile lile jina langu likarudi katika daftari la duka.

2. Dharura iliyo na mwezi wake

Msiba na maradhi huja bila ya hodi, na hayo hakuna mwenye ilimu nayo ila Mola. Lakini mengi ya hayo mengine tunayoyaita dharura yana majira yake: masika huja kila mwaka, shule hufunguliwa kila Januari, shimo la choo hujaa kwa kadiri ya watu wanaolitumia, na waya wa umeme uliounganishwa kwa utepe hauwi mzima kwa sababu taa bado inawaka. Katika mambo haya tusichokijua ni siku tu. Kwamba yatakuja, twajua. Mwenye duka huandika kila kibaba cha unga na kila nusu ya mafuta, na jioni mtu huweza kuusoma ukurasa wake akajua amesimama wapi. Nyumba haiandiki, hukaa kimya ikijumlisha, kisha ikaleta hesabu yote kwa usiku mmoja.

3. Bei ya kukopa kwa haraka

Anayefikiwa na hesabu hiyo hana kitu hukimbilia mkopo ulio karibu, na siku hizi ulio karibu umo mfukoni. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza Kenya mwezi wa Novemba 2012, iliwekewa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa hiyo aliyekopa shilingi 10,000 alirejesha 10,750, jambo lisilo zito kwa mwenye uhakika wa mshahara. Uzito huja pale mtu asipoweza kulipa ila kwa kukopa tena, maana akilizungusha deni hilo miezi 12 atakuwa ametoa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 bado ziko pale pale. Sasa tazameni Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua: aliyekopa shilingi 10,000 akazilipa kwa mafungu 12 yaliyo sawa, riba yake ya mwaka mzima itakuwa shilingi 650, yaani pungufu ya ada ya mwezi mmoja ya ule mkopo wa simu. Simlaumu aliyekopa kwenye simu usiku wa manane ili mgonjwa apelekwe hospitali. Nasema tu kwamba haraka ina bei, na bei hiyo hulipwa zaidi na yule asiye na akiba.

4. Tadbiri

Nililolijaribu mimi baada ya masika yale ni hili. Katika kila shilingi 10 ninazoweza kuzitenga kwa madeni, 8 huenda kwa wadai na 2 huwekwa kando kuwa haki ya nyumba, hazichanganywi na masurufu wala hazipelekwi harusini, mpaka zifike kiasi cha kukidhi uharibifu mmoja mkubwa. Zikitumika, hujazwa upya. Kwa njia hii deni huchelewa kumalizika, na mwenye pupa ya kulipa huona uchungu. Lakini deni lililochelewa miezi michache likaisha ni bora kuliko lililoisha upesi likazaa jingine.

Katika zile 8, la kwanza kulipwa liwe lile linalokua kwa kasi, hata kama mdai wake hapigi kelele. Fungu la Sacco lisikatizwe, kwa sababu nyuma yake wako wadhamini, nao ni jirani na jamaa zetu. Na mwenye duka apewe kidogo kila mwezi bila ya kukosa, maana daftari lake halitozi riba, bali linatoza imani.

Kadhalika, tutenganishe uharibifu unaoenea na ule unaosubiri. Paa, waya na maji machafu huenea, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi, makochi na runinga husubiri.

5. Muhula

Na ikiwa masaibu yamekuja kabla ya akiba kukua? Hapo mtu amwendee mdai wake kabla ya siku ya ahadi, si baada yake, amweleze hali na amwombe muhula kwa kiasi na tarehe vilivyotajwa. Kuomba muhula si aibu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280 inamhimiza mdai ampe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, na aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuandikiana deni. Ndiyo kusema upole na maandishi havigombani.

6. Ya kujadiliwa

Bwana Mwenyekiti, naomba wanachama wayazingatie haya: Je, mkopo wa dharura wa Sacco yetu watoka upesi kiasi cha kumzuia mtu asikimbilie simu? Je, twaweza kufungua akaunti ya haki ya nyumba, isiyofunguliwa ila kwa matengenezo? Na nani kati yetu, leo Februari, jua likiwa kali na mafundi wakiwa hawana kazi nyingi, ameweka ngazi akapanda kutazama misumari ya paa lake?

Mimi nimepanda juzi. Yako mabati mawili, na fundi atakuja Jumamosi, mwenye duka nimemwambia fungu lake la mwezi huu litapungua, akaandika, akasema, “Haya Maalim, mvua haingoji.”