Nani Hayupo Kwenye Kikao Hiki?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya vijana wa chama, ngazi ya wilaya. Wengi mmeniomba niyaweke hapa ili na ambao hamkuwepo myasome. Nimeyanyoosha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

 

Najua njaa inauma. Pilau linanukia mpaka huku ndani, na mnajua nani yuko nje analipika. Nitarudi kwenye hilo pilau.

Nimepewa mada inaitwa "Jinsia na Makundi Maalumu Ndani ya Chama". Najua mada hii ikitajwa wengine hutoka nje kupiga simu. Leo kaeni. Sitawahubiria, nitawasimulia.

Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Akaja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch, mtu wa chama cha Labour. Akakutana na viongozi, akatazama huku na huku, akauliza swali dogo: wanawake wenu wako wapi? Akajibiwa kwamba wapo. Jamani, hawakuwepo! Hakukuwa na kitengo cha wanawake wala nini. Ikabidi watafutwe haraka haraka ili jibu lililokwisha kutolewa liwe la kweli. Ndipo akapatikana Bibi Titi Mohamed, yule ambaye leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Bibi Titi hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa mwimbaji kwenye ngoma za wanawake wa Dar. Alichofanya ni kwenda kwa wenzake wa ngoma, kwa vikundi vya lelemama, nyumba kwa nyumba. Hakukaa ofisini akisubiri wanawake waje. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU.

Hapo nimejifunza mambo mawili. La kwanza, wale viongozi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanadai uhuru, walikuwa wanahatarisha kazi zao na maisha yao. Lakini walikaa vikao miezi na miezi wanaume watupu, na hakuna aliyeona kuna kitu kimepungua mpaka mgeni alipouliza. La pili, wanawake hawakuwa wamelala. Walikuwa wamejipanga siku nyingi, wana viongozi wao na michango yao. Chama ndicho kilikuwa hakijafika walipo.

Sasa twende kwenye rangi. Mwaka 1958 Mwingereza alileta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mtego mtupu. TANU ikaketi Tabora, wakabishana sana, mwisho wakaamua waingie hivyo hivyo na waunge mkono wagombea wa rangi zote wanaokubaliana na msimamo wao. Mmoja wa waliopita kwa njia hiyo alikuwa Sophia Mustafa, mwanamke wa asili ya Kiasia kutoka Arusha. Angalieni kichekesho chenyewe: mama huyu aliingia kwenye baraza la kutunga sheria akiungwa mkono na TANU, lakini kadi ya TANU hakuweza kupewa. Chama kilikuwa cha Waafrika tu. Mlango ulifunguliwa kwa rangi zote mwaka 1963, uhuru umeshapatikana.

Mnacheka, lakini tujiangalie na sisi. Kwenye kata yetu kuna kaka ana duka la vipuri vya pikipiki. Babu yake alikuja nchi hii kwa jahazi. Yeye kazaliwa hapa, kasoma hapa, anaongea Kiswahili kuliko mimi. Kila kampeni tunakwenda kumwomba mafuta ya gari la matangazo, na anatoa. Siku moja nikamuuliza, kaka, mbona huji kwenye vikao? Akaniambia, "Dada, nilikuja mara moja. Mtu akauliza kwa sauti, huyu Mhindi katumwa na nani?" Hatukumwomba radhi. Ila mafuta yake tuliendelea kuyapokea.

Sasa viti maalumu, maana najua ndipo wengi mlipokuwa mnasubiri.

Katiba yetu inasema wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura za wabunge, kinagawiwa viti kwa uwiano wa kura zake. Mimi siupingi utaratibu huu. Bila huo, Bunge letu lingekuwa kama kijiwe cha kahawa. Lakini tuambizane ukweli jinsi unavyofanya kazi. Orodha ya majina inapangwa na chama. Kwa hiyo mwanamke wa viti maalumu hana mpiga kura wa kumwajibisha wala wa kumtetea, anayemjua ni yule aliyepanga orodha. Na Katiba hiyo hiyo inasema Waziri Mkuu atatoka kwa wabunge waliochaguliwa kwenye jimbo. Maana yake mwanamke wa viti maalumu, hata awe hodari vipi, uwaziri mkuu hauwezi kumfikia.

Ubaya hauko kwenye sheria peke yake, uko kwetu. Tumekigeuza kiti maalumu kuwa kisingizio. Mimi nilihamasisha kata hii miaka mitatu. Nimezunguka na daftari la wanachama mpaka viatu vikaachia. Ulipofika wakati wa kuchukua fomu za udiwani nikasema nataka kata. Mzee mmoja wa tawi, kwa upole kabisa, kama baba na binti yake, akaniambia: "Mwanangu, hiyo waachie wanaume. Wewe subiri viti maalumu." Kata akapewa kijana ambaye alikuwa na kadi ya miezi mitano. Tukashindwa. Sisemi mimi ningeshinda. Nasema sikupewa nafasi ya kushindwa.

Msidhani sheria pekee itatuokoa. Tazameni majirani zetu Kenya. Katiba yao ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Uchaguzi wa 2013 ukaja, hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa gavana wala seneta. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu limeshindwa kutunga sheria ya kutekeleza kipengele hicho. Bunge halikuvunjwa. Kwa nini mambo yanakwama? Kwa sababu tiketi ya kugombea inatoka mkononi mwa chama. Kama chama hakijabadilika kule chini, Katiba inabaki karatasi nzuri.

Na chama kikiamua, inawezekana. Mwaka 2010 Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wa jimbo. Hakupewa kiti cha huruma. Alisimama jukwaani, akaomba kura, akashinda kwa tiketi ya CUF. Kumbukeni miaka ile watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo katika nchi hii. Wapiga kura wa Lindi hawakuogopa. Ni sisi viongozi wa vyama ndio tunaowaogopea wapiga kura, eti "wananchi hawako tayari". Nani aliwauliza?

Sasa nikiri kosa langu, maana nikiwasema ninyi tu sitakuwa mkweli.

Nikiwa katibu wa tawi nilitafuta ukumbi wa kikao cha uchaguzi wa ndani. Nikapata wa bei nafuu, ghorofa ya pili. Tulikuwa na mwanachama anatumia kiti cha magurudumu, kijana mwenye kichwa kizuri sana cha hesabu, ambaye tulitaka awe mweka hazina. Siku ile vijana wanne wakambeba kupanda ngazi. Watu wakapiga makofi, tukaona tumefanya jambo kubwa. Yeye alikuwa ameinamisha uso. Kikao kilichofuata hakuja. Nilipompigia akaniambia, "Katibu, mimi si gunia." Mpaka leo hajarudi, na hesabu zetu mnajua zilivyo. Lile kosa halikuwa la dola wala la polisi. Lilikuwa langu, kwa kuokoa pesa kidogo ya ukumbi.

Kuna watakaosema: dada, sisi tunapigwa mabomu ya machozi, wagombea wetu wanaenguliwa, wewe unaleta habari za ngazi na pilau? Tumalizane na hao kwanza, mengine baadaye. Nawajibu hivi. Wanaotupiga wana dola. Sisi tuna nini zaidi ya watu? Chama kisicho na polisi wala hazina ya nchi kinawezaje kumudu kufukuza nusu ya watu wake kwa mikono yake chenyewe?

Wengine watasema: sisi tunaangalia sifa. Sawa kabisa. Lakini sifa zinapatikana wapi? Kwa kuwa meneja wa kampeni, wakala wa kituo, mweka hazina, msemaji. Nafasi hizo mkiwapa watu wale wale kila mara, halafu mkaja kusema wengine hawana uzoefu, huo ni ujanja.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, na naomba yaingie kwenye muhtasari kabla ya uchaguzi wa matawi.

Moja, saa na mahali. Kikao cha tawi kinachoanza saa mbili usiku kwenye baa kimeshachagua wanachama wake. Mama mwenye mtoto mdogo haji. Binti anayekaa kwao haji. Mtu wa swala hakai penye pombe. Tufanye Jumamosi mchana, mahali pasipo ngazi.

Mbili, nafasi ngumu. Kila tawi lisiwe na jinsia moja kwenye nafasi tatu za juu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Uhamasishaji na mapambo sihesabu.

Tatu, fomu. Mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu akitaka kata au jimbo, asiambiwe asubiri. Aingie kura za maoni kama wengine, na akikatwa apewe sababu kwa maandishi.

Nne, na hapa naomba utulivu. Rushwa ya ngono. Tunapiga kelele juu ya ufisadi wa serikali, lakini humu ndani kuna mabinti waliotakiwa mwili ili jina lipande kwenye orodha. Tunawajua na tunanyamaza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema hilo ni kosa la jinai. Tuwe na watu watatu kila wilaya wa kupokea malalamiko, wawili wawe wanawake, na wasiwe wapangaji wa orodha. Anayetakiwa kuogopa ni mkosaji, si binti.

Namalizia na pilau. Asubuhi nilihesabu. Humu ukumbini tuko 64, wanawake 11. Nikatoka nje kwenda jikoni nikakuta wanawake 9, na wote 9 wana kadi za chama. Mmoja ana kadi ya tangu mimi nikiwa darasa la tano. Tunajadili habari zao, wao wanamenya vitunguu.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijakaa naomba jambo moja dogo. Tusimamishe semina dakika kumi. Wanaume wanne wajitolee wakaangalie sufuria, na wale mama zetu na dada zetu waingie, wakae mbele, wasikie mapendekezo haya na wayapigie kura na wao. Nasubiri mikono minne.

 Aluta continua!

(Kwa mlioniuliza inbox: mikono ilinyooshwa sita. Pilau liliungua kidogo chini, tulilila hivyo hivyo. Pendekezo la kwanza, la pili na la tatu yalipita. La nne limepelekwa "kufanyiwa kazi zaidi" ngazi ya juu. Tarehe ya kikao hicho ikitoka nitaiweka hapa, na nitakwenda. Njooni wengi.)